Mswaki wa Mwenyewe

Wekeni chini hayo makaratasi yenu, wajukuu zangu, niyatazame. Msinipe mkononi, mikono yangu ina udongo. Naam. Huyu ana vichwa tisa. Huyu ana mabawa ya chuma na mnasema anaishi kwenye sayari ya barafu. Huyu naye anatema moto mbele na nyuma. Mmejitahidi, siwezi kusema hamkujitahidi. Lakini hakuna hata mmoja aliyenitisha, na sababu yake ni ya zamani kuliko mimi na kuliko bibi yangu. Sogeeni, nitawaeleza huku nafinyanga.

Zamani hizo watu wa bonde hili hawakuwa na hadithi. Msishangae. Walikuwa na habari tu. Mtu alisimulia alichokiona kwa macho yake, na kama hakukiona alinyamaza. Maongezi yao yalikuwa mafupi ajabu. Mmoja angesema, "Leo nimepalilia." Mwenzake angejibu, "Na mimi nimepalilia." Basi, wakaenda kulala. Aliyesema jambo ambalo halijatokea aliitwa mwongo, akapakwa jivu midomoni na kukalishwa njia panda kutwa nzima ili kila mpita njia amwone.

Palikuwa na mfinyanzi mmoja, mwanamke kijana aitwaye Kalunde, ambaye jivu halikumkauka midomoni. Alipofinyanga alisema, na aliposema hakujizuia. Aliwaambia watoto kwamba wingu lilishuka kisimani kuomba chumvi. Aliwaambia juu ya kobe aliyekwenda kuposa mlimani, akafika mchumba akiwa bibi kizee. Watoto walimpenda kufa. Wazee hawakumpenda hata kidogo, kwa sababu watoto walianza kwenda kisimani kumtafuta yule kobe.

Siku moja Mzee Ntinda, aliyekuwa mkubwa wa bonde, alimwita mbele za watu. Alikuwa mtu mwema, lakini mnyoofu mno, hata akiulizwa habari za asubuhi alifikiri kwanza ndipo ajibu. Akamwambia, "Binti, tumechoka na jivu limekwisha. Ukisema tena kitu ambacho hakipo, utatoka bondeni humu na hutarudi." Kalunde akamtazama mama yake, aliyekuwa hawezi tena kutembea, akajua kwamba yeye akiondoka, mama hatakuwa na mtu wa kumpikia wala wa kumgeuza kitandani. Akafunga mdomo. Iliuma, wajukuu zangu. Mtu aliyeumbwa kusema akinyamazishwa, ni sawa na kumfunga mikono.

Ndipo kiangazi kikubwa kikaja. Kule uwandani visima vilikauka, nyasi zikawa vumbi, na ng'ombe wa Mtemi Lugendo wakaanza kuanguka. Lugendo alikuwa na wafugaji wengi na mikuki mingi kuliko wafugaji. Akasikia kwamba chemchemi ya bonde letu haijawahi kukauka. Akatuma wajumbe wake, nao hawakuzunguka: mwezi utakapoandama, Mtemi anahamia hapa na ng'ombe wake wote, na atakayemkuta atamfukuza. Wakaomba maji ya kunywa, wakaketi kivulini kupumzika kabla ya safari ya kurudi.

Watu wa bonde walikuwa wafinyanzi. Silaha yao ilikuwa tope. Wazee wakakaa faragha, wakakuna vichwa, na mwishowe mmoja akanong'ona neno la aibu: tuwadanganye. Tuwaambie kuna dude la kutisha linaloishi humu. Wote wakaona haya, lakini hawakuwa na jingine. Kila mzee akachangia alichoweza. Huyu akaleta vichwa saba, yule akaleta pembe za moto, mwingine akaongeza mabawa, na mwingine, kwa kuwa hakutaka kuonekana bahili, akaongeza mkia wenye macho. Wakatoka na dude lao kuwaendea wajumbe.

Mzee Ntinda akalieleza huku sauti inamtetemeka na jasho linamtiririka. Wajumbe walimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha mkubwa wao akauliza swali ambalo kila mfugaji angeuliza.

"Anakula nini?"

"Majani," akasema mzee mmoja.

"Watu," akasema mwenzake wakati huohuo.

"Na mavi yake yako wapi?"

Wazee wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amefikiria mavi. Wajumbe wakacheka mpaka mmoja akalala chini akijishika mbavu. Mfugaji, msisahau, humjua mnyama kwa kinyesi chake kabla hajamwona mwenyewe. Kinyesi ndicho kinachomwambia amekula nini, amepita lini, ana afya au anaumwa. Mnyama asiyekunya, kwao, hayupo. Wakaondoka wakicheka, na kicheko chao kilisikika njia nzima ya kupandia mlima.

Mzee Ntinda akaenda moja kwa moja mpaka kibandani kwa Kalunde. Akasimama mlangoni.

"Binti, sisi hatuwezi. Tusaidie."

"Mlinikataza, mzee."

"Tulikukataza. Sasa nakuomba. Wakituhamisha, mama yako atabebwa na nani? Na mama yangu mimi?"

Kalunde akalia kidogo, kisha akafuta machozi kwa kiganja chenye udongo. "Dude lenu," akasema, "mmelitia nakshi kabla halijawa na tumbo. Chungu gani hufinyangwa hivyo? Niachieni. Ila nina sharti. Ninyi hamjui kudanganya, mnatoka jasho. Kwa hiyo asidanganye mtu. Fanyeni kazi nitakayowapa, na mkiulizwa, semeni kweli."

Mafuriko ya miaka ya nyuma yalikuwa yameangusha mti mkubwa ukingoni mwa mto. Kalunde akawaambia wauchonge, watoe gome, wauburute mpaka penye njia. Kisha akawapa watu mawe, wakaponda ncha moja ya gogo lile mpaka ikachanua nyuzi ndefu laini. Watu waliponda wakiuliza ni nini, naye akawajibu, "Mswaki." Wakatazama, na kweli ulikuwa mswaki. Ukawa umelala pale njiani, nyuzi zake zimejaa mabaki ya matete waliyoyaponda kama yametafunwa, na mtu mzima akisimama kando yake alionekana mdogo kama kipande cha muhogo.

Baadaye wakachanganya udongo wa mfinyanzi na nyasi, majivu, mbegu za maboga na mifupa ya mbuzi iliyovunjwavunjwa. Wakakanda kwa miguu, wakaimba, wakarundika rundo lililofika juu ya mapaa ya nyumba, wakalimwagia maji lifuke mvuke juani. Kalunde mwenyewe alitia kitu cha mwisho ndani yake. Ilikuwa kengele ya ng'ombe, aliyoiokota msimu uliopita korongoni, mahali ambapo fisi walikuwa wamemla ng'ombe aliyepotea. Aliizamisha ubavuni mwa rundo, akapasawazisha kwa kiganja.

Mwezi ukaandama. Asubuhi yake vumbi likaonekana, halafu mikuki, halafu Mtemi Lugendo mbele ya watu wake, na nyuma yao ng'ombe waliokonda hata mbavu zinahesabika. Watu wa bonde hawakukimbia. Walikuwa wanafanya kazi, kama walivyoagizwa. Wengine walikuwa wanasuuza nyuzi za lile gogo kwa maji ya moto.

Mtemi akasimama. Akaligusa gogo kwa mkuki wake.

"Mzee, hiki ni nini?"

"Ni mswaki," akasema Mzee Ntinda. Sauti haikumtetemeka, na jasho halikumtoka, kwa maana alisema kweli.

"Mswaki wa nani?"

"Wa mwenyewe."

Lugendo akamtazama usoni. Alikuwa mtu wa kutambua waongo, ndiyo maana alitawala, na pale hakuona uongo wowote. Akageuka, akaona rundo. Akaenda kwenye rundo kama mfugaji yeyote anavyoenda, akachutama, akalivunja kwa mkono. Akaona nyasi, akaona mbegu, akaona mifupa. Halafu kitu kikalia. Akakivuta, akakipangusa kwenye shuka lake. Kengele ile ilikuwa na alama ya ukoo wake. Ilikuwa ya Mabaka, ng'ombe wake aliyempenda kuliko wote, aliyepotea msimu uliopita.

"Nani wa kusema nami hapa?" akauliza, na sasa sauti iliyotetemeka ilikuwa yake.

Kalunde akajitokeza akipangusa mikono. Alijua kwamba akikosea neno moja, bonde limekwenda.

"Huyo mwenyewe ni mkubwa kiasi gani?" akauliza Lugendo.

"Mtemi, mimi sijawahi kumwona mzima. Nilianzia mguuni, shingo ikaniuma, nikaacha."

"Amelala wapi?"

"Mlipokuwa mnapita kule chini, mliona vilima viwili vinavyofanana?"

"Tuliviona. Tumepita katikati yake."

"Basi kimoja ni kilima."

Mikuki ikaanza kugongana yenyewe. Nyuma kabisa, mtu mmoja akageuza ng'ombe wake bila kuagizwa. Lakini Lugendo hakuwa mtemi kwa bahati. Akauliza swali lililobaki, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote.

"Mbona ninyi hajawala?"

Watu wa bonde wakashikana mikono. Kalunde akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu alipokatazwa kusema.

"Ana mikono mifupi, Mtemi. Magego hayafikii. Nani atampigia mswaki akitumaliza? Jino likimuuma anatembea, na akitembea, mnajua wenyewe." Akalipiga gogo kofi la kirafiki. "Hatugombani nanyi. Bonde chukueni, na kazi hii chukueni. Huamka jua likishapanda. Haya, watu wako washike upande huo, nikuonyeshe anavyopenda kuanzwa. Usimguse ufizi wa kushoto tu."

Wajukuu zangu, hakuna mkono uliogusa gogo lile. Mtemi Lugendo aliinua macho, akaona jua linapanda. Akavua kofia yake ya manyoya, akainama mbele ya mwanamke mfinyanzi, akauliza kwa upole kama ng'ombe wake wangeruhusiwa kunywa maji halafu waondoke taratibu, bila kengele. Kalunde akamtazama Mzee Ntinda, naye akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa kiu ya mnyama si kosa la mnyama. Ng'ombe wakanywa wakashiba. Wakapandishwa njia ya juu, mbali na vilima, na wafugaji waliwashika ndama midomo wasilie. Kila kiangazi kilichofuata walirudi hivyohivyo, kwa adabu, wakileta maziwa na samli, na samli waliiacha kando ya mswaki. Tuliila sisi.

Vumbi lao lilipopotea, bonde zima lililipuka. Walimbeba Kalunde mabegani wakazunguka naye chemchemi mpaka akaomba ashushwe. Mama yake alibebwa nje kwa kitanda chake, akapigiwa vigelegele, naye akapiga vyake. Walifinyanga tope wakarushiana kama watoto. Na katikati ya kelele hizo Mzee Ntinda akainua mkono, watu wakanyamaza. Yule mzee ambaye hakuwahi kusema neno lisilokuwapo alikohoa, akatazama vile vilima viwili, akasema:

"Juzi nilimsikia akipiga chafya. Kofia yangu mpaka leo sijaipata."

Kofia ilikuwa kichwani mwake. Watu walicheka wakaanguka, na hakuna aliyekwenda kuleta jivu. Mzee mwingine akasimama kusema yeye alikwisha kumkata ukucha, na kwamba waliezekea ghala kwa ule ukucha. Mwingine akasema chawa wake ndiye aliyewaibia mbuzi. Hawakulala mapema siku ile.

Na tangu siku hiyo, mtu yeyote akisimama katika bonde hili kutuletea dude kubwa, liwe la msituni au la hiyo sayari yenu ya barafu, hatumwachi atuambie urefu wake wala idadi ya vichwa. Tunamkatiza sote kwa pamoja: "Mswaki wake uko wapi?" Akiwa nao, tunasogea na kusikiliza. Asipokuwa nao, anaketi, anaanza upya na tumbo. Tangu siku hiyo pia msimulizi hapakwi jivu. Hupewa kigoda na kikombe cha maji ya chemchemi, naye hunywa kwanza, mkubwa wa bonde akimsubiri.

Haya, chukueni makaratasi yenu. Wewe wa vichwa tisa, niambie: kikilia njaa kichwa kimoja, vile vinane vinafanya nini? Fikiri, usinijibu haraka. Na watu wakiwauliza huko shuleni bonde mnalotoka ni la nani, maana wapo bado wanaolimezea mate, mwajibu bila kutoka jasho, kama alivyojibu Mzee Ntinda. Waambieni lina mwenyewe.