Gari la Pimbi Linakunywa Maji

Bisheni! Nasema bisheni sasa hivi, maana nikishaanza hamtapata nafasi. Gari lilitembea kwa maji. Si petroli, si dizeli. Maji, tena ya ndoo! Mwalimu wenu wa sayansi atasema haiwezekani. Mwambieni hakuwepo. Mimi pia sikuwepo, lakini mimi najua.

Ilikuwa kale, kale ile ambayo wanyama walijenga nyumba, walioa kwa mahari na waliendesha magari, tena kwa fujo. Kwenye majabali aliishi Pimbi. Mdogo kama kiatu, mkia hana, lakini pikapu anayo! Kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba, ila pikapu ni pikapu.

Mwaka ule alilima nyanya, na nyanya zikakubali. Matenga ishirini! Akayapakia, akayafunika turubai, akawasha gari. Kimya. Akachungulia tangi: kavu kama ulimi wa mgonjwa.

"Baba watoto," akasema mkewe, "nyanya zimeanza kulainika. Zikiozea hapa, msimu huu watoto tutawapikia mawe."

Petroli alikuwa nayo mmoja tu, Nyati, mwenye duka njiani. Pimbi akaenda mbio.

"Hodi, Mzee Nyati! Naomba dumu moja la petroli. Nitakupa tenga zima la nyanya."

"Tenga moja?" Nyati akacheka, mho! mho! mho! "Nataka kumi."

"Mzee, nina watoto sita!"

"Basi kumi na tano. Ukifungua tena hicho kidomo, yote ishirini. Sokoni utafikaje? Kwa hivyo vijiguu vyako?"

Pimbi akafunga kidomo, akarudi nyumbani.

Kesho yake asubuhi Nyati yuko mlangoni anapiga mswaki. Mara akasikia: Ngrrrr! Ngrrrr! Pikapu ya Pimbi hiyo, inakuja na vumbi lake! Kwiiii! Ikafunga breki mbele ya duka.

"We Pimbi! Mafuta umeyapata wapi?"

"Mafuta? Ya nini tena, Mzee? Mambo ya kizamani hayo. Hebu nisaidie ndoo ya maji, gari lina kiu."

Nyati akaleta ndoo, povu la mswaki linamdondoka kidevuni. Pimbi akafungua boneti, akamimina: gudu-gudu-gudu! Akarukia usukani. Ngrrrrrr! Gari hilooo! Likaondoka mbele ya macho yake mwenyewe, likaenda kusimama kule kwenye kona.

Nyati alitupa mswaki! Akatimua mbio, puu! puu! puu!, ardhi inatikisika.

"Pimbi! Mdogo wangu! Ndugu yangu, nisubiri!"

Jana kijiguu, leo ndugu. Mnamwona?

"Nifundishe," akasema, anahema kama mvukuto wa mhunzi. "Nina lori. Nikiliendesha kwa maji, petroli yangu yote itabaki ya kuwauzia wajinga!"

Pimbi akakuna kichwa, kama mtu anayeombwa figo.

"Ni rahisi, Mzee, ila gari ni kama mtoto. Lako limezoea kunyonya petroli. Ukilinywesha maji leo, litayatema. Lazima kwanza uliachishe ziwa. Toa petroli yote kwenye tangi, hata tone lisibaki. Halafu uipeleke mbali kabisa, maana likisikia harufu tu, linaanza kulilia."

"Sasa nitaimwaga wapi?"

"Niletee hapa. Nitakumwagia mimi."

"Kumbe una roho nzuri hivi, mdogo wangu!"

Nyati akarudi dukani mbio, akachukua mpira, akautumbukiza kwenye tangi la lori, akanyonya. Fyuuuu! Kumbe kavuta kwa pupa: glup! Funda zima likashuka tumboni. Akacheua, beeuuu! Nzi wote waliokuwa puani mwake wakaanguka chali. Hakujali. Akajaza madumu manne, akayabeba mwenyewe hadi kwenye kona, akayapanga kwenye kiti cha mbele kwa adabu, kama anapakia mahari.

"Likilia usibabaike," Pimbi akamwambia. "Mtoto akiachishwa hulia siku mbili tatu."

"Nimekuelewa, mwalimu. Ahsante sana, Mungu akuzidishie!"

Pimbi akangoja Nyati apotee machoni, kisha akaimwaga ile petroli kama alivyoahidi. Wapi? Kwenye tangi la pikapu! VRUUUUM! Sokoni alifika watu ndio kwanza wanatandika, na adhuhuri haikumkuta na nyanya hata moja. Akarudi na unga, mafuta ya kupikia, na kanga mpya ya mama watoto.

Huku nyuma Nyati kajaza lori maji hadi shingoni. Akawasha. Che-che-che-che... kwii.

"Lia tu, mwanangu," akalipapasa. "Lia, utazoea."

Siku ya pili: che-che... kwii. Nyati akaliimbia wimbo wa kubembeleza. Siku ya tatu: che. Basi. Akaja hadi chini ya majabali, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Pimbi! Mbona bado linalia?"

Pimbi yuko juu ya jabali, anaota jua.

"Sasa Mzee, mtoto ameachishwa, anashindia maji matupu? Lipe uji!"

Na kweli akalinywesha! Sufuria nzima, na sukari! Nzi wa nchi nzima wakahamia kwenye lile lori. Ni pale alipokuwa anawafukuza ndipo akili ilipomjia. Akapiga ukelele, akayavamia majabali, kwato zikateleza, serereee! puu! Chini. Akapanda tena, serereee! puu! Watoto sita wa Pimbi walikaa juu wanahesabu.

Basi shikeni hili: ukimbana mdogo hadi akose pa kupumulia, atapumulia kwenye pua yako.

Hee, msinikodolee macho hivyo. Sawa, kuna kipande nimekiruka. Njia ile, kutoka kwa Pimbi, kupita kwa Nyati, hadi kwenye kona, ni mteremko mtupu. Injini haikuwashwa hata kidogo, na maji yalikwenda kwenye rejeta ya kupozea injini, kama kwenye magari yote. Mngurumo je? Mngurumo alikuwa mke wa Pimbi na watoto wote sita, wamejikunyata chini ya turubai katikati ya nyanya, wanakoroma kwa nguvu zao zote. Na mpango wenyewe, kuanzia mteremko mpaka kuachisha ziwa, aliutunga huyo mama huku anasonga ugali. Pimbi alishika usukani tu, tena amefumba macho.