Mguno wa Sindano

Bisheni. Bisheni mapema, maana nikishaanza haupatikani upenyo. Kuna kalunguyeye aliyewaliza watu wazima wa Morogoro kwa kufumba mdomo, na kalunguyeye mwenyewe hayupo duniani, amechorwa. Anayesema naongopa akae mbele, nimwone vizuri atakapoanza kufuta machozi.

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, msijifanye wazee, palikuwa na studio ya katuni juu ya duka la magodoro. Mwenye duka aliwaazima magodoro, wakayasimamisha ukutani, kelele za barabarani zikafia humo. Mle ndimo alimozaliwa Sindano, kalunguyeye anayeimba. Filamu yake ya kwanza ilipendwa mpaka harusi ikikosa wimbo wake, watu wanauliza kama bwana harusi ana akili timamu.

Aliyemwimbia Sindano ni Mwantumu, mwimbaji wa kwenye sherehe. Ile sauti, we acha tu. Lakini jina lake liliandikwa mwisho kabisa, herufi kama punje za ulezi, wakati watu wameshasimama wanatafuta viatu vya watoto. Mama yake alikwenda kuitazama, akarudi akamwuliza, "Mwanangu, mbona hukuwamo?"

Basi ikaja filamu ya pili. Sindano anavuka mafuriko kuifuata ngoma iliyoibwa na mamba, na katikati ya maji anaimba. Bosi wao, Kobelo, akatangaza: safari hii jina moja litatokea mwanzoni, peke yake, kubwa, kabla hata ya picha. Jina la yule ambaye bila yeye filamu isingekuwa filamu. Mwantumu aliposikia hivyo, akilini alimwona mama yake amekaa kitini, anasoma.

Sasa, kazi ile wimbo hurekodiwa kwanza, halafu mchoraji anachora mdomo kuufuata. Wenzetu walikuwa na haraka. Mkude, mtunzi wa nyimbo, aliimba wimbo wa majaribio kwenye simu, mbiombio, akamtumia Asteria mchoraji. Asteria akachora. Maji aliyoyachora yule dada, ungekunja suruali usilowe. Kisha Mkude akausikiliza tena wimbo wake, akaona unakwenda kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Akaupunguza kasi. Ukawa mtamu. Hakumwambia mtu.

Walipoweka wimbo na picha pamoja, wimbo uko njiani, mdomo wa Sindano umeshafungwa.

"Mkude, umefanya nini?" Asteria akauliza.

"Nimeuokoa wimbo."

"Umeuokoa wapi? Kalunguyeye anaimba kama ana jino bovu."

"Si uchore upya midomo, dada."

"Sichori. Mkono huu si mashine."

Wakanuniana wiki nzima, mpaka siku ya kurekodi. Mwantumu akawatazama, akaingia katikati ya magodoro, picha ikichezwa mbele yake. Mdomo wa Sindano ukifunguka, anatia neno. Ukifumba, anauguna wimbo, mmm, mmm, kama mtu anayezuia maji yasimwingie kinywani na bado hataki kunyamaza. Alipomaliza, mwenye duka la magodoro amesimama mlangoni, amesahau alipanda kufuata nini.

Kobelo akawaita watatu wale, aamue lile jina moja ni la nani.

Mkude akasema, "Bosi, mimi ndiye niliyeupunguza kasi. Ungebaki ule wa mbio, mguno ungetoka wapi? Kosa langu limezaa." Na kweli, nani angembishia?

Mwantumu akasema, "Kosa lako lilizaa ugomvi, kaka. Ninyi mlikuwa mmenuniana. Mimi niliimba." Na kweli, nani angembishia?

Asteria akasema, "Mguno umefuata midomo niliyoichora mimi. Mkaniambia nichore upya, nikakataa. Ningekubali, mngekuwa na wimbo kama nyimbo nyingine." Na kweli, nani angembishia?

Kobelo akakuna kichwa. Mnacheka? Haya, mchagueni mmoja basi, niwaone wajanja.

Ngojeni. Nimeruka kipande, na nimekiruka makusudi, maana ningekitaja mapema mngeamua upesi mkaniacha naongea na viti.

Asteria hakukataa. Alikataa kwa maneno tu. Kesho yake baada ya kurekodi, Mwantumu aliwahi studio, akamkuta kwenye kompyuta. Sindano yuko majini, anaimba wimbo wa polepole, na mdomo unafuata neno kwa neno, sawasawa.

"Asteria, hii umeichora lini?"

"Wiki ile ya kununa. Jana nilikuja nayo niwaonyeshe. Nikakusikia."

"Sasa?"

"Sasa naifuta, dada. Kobelo anapenda vitu vilivyonyooka. Akijua inawezekana, atanirudisha mezani niichore tena, na mguno wako utatupwa. Hukuona kitu."

Akaifuta, Mwantumu akiwa amesimama palepale.

Kwa hiyo siku ile mbele ya bosi, Mwantumu alikuwa analijua hilo. Kobelo akamgeukia. "Mwantumu, naelekea kuandika jina lako. Una neno la mwisho kabla sijaandika?"

Akisema, jina linakwenda kwa Asteria, aliyeifuta kazi yake kuulinda mguno, na mguno wenyewe huenda ukafa. Akinyamaza, mama yake atalisoma jina la mwanawe watu wangali wamekaa. Asteria alikuwa anatazama chini, anachezea kalamu.

Semeni basi, mliokaa mbele na mliojificha nyuma: kalamu ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani?