Fungo na Kichaka cha Ufukweni

Paukwa!

— Pakawa!

Semeni kwa nguvu, si mmekula? Paukwa!

— Pakawa!

Hapo kale alikuwako Fungo, yule mnyama mwenye zabadi. Mnaijua zabadi: yale mafuta yanayomtoka chini ya mkia, watu wakayatia kwenye manukato. Chini ya mkia, jamani, na ndiyo aliyojivunia.

Kila alikopita alijisugua. Akiona mnazi, anajisugua. Akiona jiwe, anajisugua. Akiona kigogo, anajisugua.

"Wajue nimepita," anasema.

Ufukweni kiliota kichaka cha majani ya kijivu, chenye maua madogo ya zambarau yaliyobanana kama vifungo. Ukikigusa tu, harufu kali inakujaa puani. Ndani yake alilala Nguchiro.

Siku moja Fungo akajisugua pale. Akanusa. Zabadi haisikiki. Akajisugua tena. Haisikiki. Akajisugua mara ya tatu mpaka manyoya yakanyonyoka. Harufu ya kichaka ikaimeza yake.

"Kichaka gani hiki kisicho na adabu," akasema. "Hata mbuzi hawakili."

"Ndiyo maana nalala humu, bwana mkubwa," akajibu Nguchiro. "Pandu mwinda fungo yuaja na mbwa wake. Ingia ujigaragaze majanini, hawatakunusa."

"Mimi ninukie kama wewe? Bora nikamatwe."

Basi akakamatwa. Mlitaka iweje? Mbwa hawakuhangaika. Walifika kichakani wakapiga chafya, wakageuka. Nguchiro hata hakuamka. Wakashika njia ya zabadi: kigogo, jiwe, mnazi, mpaka kwa mwenyewe.

Fungo akatiwa kizimbani. Akajifariji: "Angalau huku wataijua thamani yangu."

Asubuhi akaja Bi Mize, mke wa Pandu, na kijiko cha kukombea zabadi. Fungo akainua mkia kwa maringo. Bi Mize akakomba huku kageuza uso.

"Subhana, uvundo gani huu," akasema. "Mafuta haya mpaka yachanganywe ndiyo yanukie. Bwana, niletee yale majani ya ufukweni nitoe harufu hii mikononi."

Pandu akaleta tawi la kichaka. Bi Mize akayafikicha majani viganjani, akanusa, akatabasamu. Fungo akaona yote, kwa macho yake mawili.

Mnadhani alijifunza? Kesho yake kijiko kilipokuja, lile jinga likainua mkia tena.

Ngano yangu naitua hapa. Ikiwanukia, ichukueni. Ikiwanuka, mpelekeeni Fungo.