Mlezi wa Paa

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja, fundi cherehani, aliyeishi jirani na hifadhi ndogo ya wanyama. Watoto wake walishahama, nyumba ikapoa, basi akaenda kwa mhifadhi akajitolea kusaidia bila malipo.

Akakabidhiwa paa mchanga ambaye mama yake alifia kwenye mtego wa wawindaji. Kazi yake ilikuwa kumnywesha maziwa kwa chupa. Lakini masharti yake! Mhifadhi alimwambia, "Jifunike gunia hili, uso na mikono. Usimsemeshe. Usimpapase. Wala usimpe jina."

"Kha! Kwa nini, baba?"

"Fanya hivyo tu, mama. Utaelewa."

Udadisi ukamtafuna. Hivi kuna mlezi asiyemsemesha mtoto? Kila alipopenyeza chupa chini ya gunia alijiuliza: ananijua huyu? Kwa harufu? Kwa mwendo wangu? Alitamani alifunue kidogo tu, macho yao yakutane. Ninyi mngejizuia? Yeye alijizuia, kwa taabu.

Masika yalipokwisha paa alikuwa amekomaa. Mhifadhi akamwambia, "Leo unamfungulia wewe. Gunia acha."

Moyo ukamwenda mbio. Leo ataniona! Akavuta komeo, akasimama wazi, mikono kaitandaza. Paa akamwona, akashtuka kama aliyekutana na adui, akachomoka na kutokomea vichakani.

Yule mama akaangua kilio. "Amenikimbia! Mimi niliyemlea!"

"Mama," mhifadhi akasema, "huo ndio ulikuwa mtihani wenyewe. Angekufuata wewe, angemfuata na mwenye mtego, na mimi ningemrudisha ndani. Umefanya kazi ambayo wengi imewashinda."

Haya, tugeukie kwetu sisi. Tunasaidia watu, tena kwa moyo, halafu tunakaa mlangoni tukingoja waje kutushukuru. Tumemsomesha mpwa, sasa tunataka kila uamuzi wake upitie kwetu. Tumemwinua jirani, na siku akisimama mwenyewe tunasema ana kiburi. Je, tulitaka apone, au tulitaka aendelee kutuhitaji?

Kuna mtu uliyemsaidia, na siku hizi hapigi simu. Umemkumbuka? Usimpigie leo kumkumbusha ulichomtendea. Piga magoti, umshukuru Mungu kwamba anatembea kwa miguu yake.