Farasi Aliyetaka Mikono Sita

— Ninayo hadithi.

— Ilete.

— Ina miguu minne, na mmoja ni mbovu.

— Ilete vivyo hivyo.

— Itaingia polepole.

— Tutaisubiri.

Basi sogeeni, na wale wa nyuma wasikie. Nanyi watoto acheni kuchokonoa moto, hadithi hii haitaki cheche.

Hapo kale, kale ya watu ambao makaburi yao hayana tena majina, palikuwa na kijiji kikiitwa Machimboni. Watu wake walichimba mawe, wakayachoma kwenye tanuu, wakapata chokaa ya kujengea nyumba za mjini. Asubuhi walichimba, mchana walichoma, jioni walijikung'uta vumbi jeupe wakakaa kula.

Palikuwa na mchimba mawe jina lake Shekuwe. Mkewe akiitwa Mwanate. Walikuwa na watoto wawili: Tima, binti wa miaka kumi, na Lali, mtoto wa kiume wa miaka minne. Shimo la Shekuwe lilikuwa nyuma ya nyumba, mwendo wa hatua mia moja. Mara nyingi, ikifika adhuhuri, Mwanate alimwambia bintiye, "Mpelekee baba yako chakula. Na mdogo wako mshike mkono."

Siku moja walikwenda wawili, akarudi mmoja. Ukingo wa shimo ulibomoka, Lali akaangukia mawe. Alikufa kabla baba yake hajamfikia.

Wakazika. Watu wakaja, watu wakakaa, watu wakaondoka. Siku ya tatu, matanga yalipoanuliwa, Mwanate akamwambia mumewe, "Shimo ni lako." Shekuwe akamjibu, "Aliyewatuma ni wewe." Tima alilisikia lile, akalisikia na hili, akafunga mdomo wake. Tangu hapo hakusema na mtu.

Ikawa nyumba moja ina watu watatu kama wapangaji wasiojuana. Baba alikula kwenye tanuu. Mama alikula jikoni. Mtoto alikula kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma. Mwezi ukapita. Miwili ikapita. Saba ikapita.

Mwezi huo wa saba Shekuwe alikwenda bwawani kuchota maji ya kumwagia chokaa. Huko akamkuta farasi jike wa rangi ya majivu, amesimama kwenye nyasi kavu. Mbavu zake zilihesabika. Pajani alikuwa na alama ya moto ya banda la mfalme wa nchi ile. Mguu wake wa nyuma ulikuwa umevimba, na kamba aliyofungwa zamani ilikuwa imezama ndani ya nyama.

Shekuwe akasema moyoni, "Farasi hubeba mawe." Akarudi nyumbani, akaja na kamba.

Farasi akamwuliza, "Umekuja na nini?"

Msiniulize ilikuwaje farasi akasema. Siku zile wanyama walisema walipotaka, na mara nyingi hawakutaka.

Shekuwe akajibu, "Nimekuja na kamba."

"Kamba naijua. Rudi nayo."

Shekuwe akarusha kitanzi, farasi akarudi nyuma. Akarusha tena, farasi akageuka. Akarusha mara ya tatu, farasi akampiga teke la kifua. Shekuwe akarudi nyumbani akijishika mbavu, na kwa kuwa hakuwa na wa kumwambia, hakumwambia mtu.

Siku ya pili Mwanate alikwenda kuteka maji. Akamsikia mnyama anaguna kwa maumivu, na mguno ule ukamwingia hadi kwenye mifupa. Akarudi mbio nyumbani, akaja na ungo wa mtama.

Farasi akamwuliza, "Umekuja na nini?"

"Nimekuja na mtama. Kula unyamaze."

"Mtama naujua. Kwanza huja mtama, nyuma yake huja fimbo. Rudi nao."

Mwanate hakuwa na fimbo, lakini hakuwa na subira pia. Akaumwaga mtama pale pale chini, akaenda zake. Wakaula ndege.

Siku ya tatu akaenda Tima.

Farasi akamwuliza, "Umekuja na nini?"

Tima hakujibu. Alifungua viganja vyake, akamwonyesha.

Farasi akavitazama viganja kwa muda mrefu. "Mikono mitupu siijui," akasema. "Kaa."

Tima akakaa chini, akampa mgongo, kwa sababu hata mnyama hakutaka auone uso wake. Siku ile farasi alisimama mbali. Kesho yake Tima akaja tena, akakaa vile vile, farasi akasimama nusu ya njia. Siku iliyofuata akahisi pumzi ya moto kisogoni. Hakugeuka. Wakakaa hivyo mpaka vivuli vikawa virefu. Tima alipoinuka kwenda nyumbani, alisikia kwato nyuma yake: tatu zinakanyaga, moja inaburutwa.

Baba akawaona kutoka kwenye tanuu, akaja. Mama akawaona kutoka jikoni, akatoka. Wakasimama uani, huyu huku, yule kule.

Farasi akasema, "Nina kamba ndani ya mguu. Wa mikono miwili hawezi kuitoa, nitamuumiza. Wa mikono minne hawawezi, wataniumiza. Nataka mikono sita."

Shekuwe akasema, "Nitaita majirani."

"Sitaki ya majirani. Nataka ya nyumba hii."

Basi Mwanate akachemsha maji, akatia chumvi. Tima akamshika farasi kichwa. Shekuwe akanoa kisu, akapiga goti. Alipougusa mguu, farasi akauvuta.

"Mikono yako inanigombeza," akasema farasi.

Shekuwe akajaribu tena.

"Bado inanigombeza."

Akajaribu mara ya tatu, farasi akainua kwato apige. Mwanate, aliyekuwa amechutama na kata ya maji, akaitazama mikono ya mumewe. Ilikuwa inatetemeka. Kwa miezi saba hakuwa ameitazama, na hakujua kwamba inatetemeka.

Akasema, "Shusha pumzi, Baba Tima."

Shekuwe akashusha pumzi. Akashusha nyingine. Mikono ikatulia.

"Nishikie hapa," akamwambia mkewe.

Mwanate akashika. Kisu kikaingia chini ya kamba, kamba ikakatika, ukatoka usaha na harufu ya kuoza. Mwanate akamwaga maji, akamwaga tena, mpaka damu safi ikaonekana. Maneno yaliyosemwa siku ile ukiyahesabu hayajazi kiganja. Lakini yalikuwa ya kwanza.

Kuanzia hapo farasi akawa na desturi yake. Asubuhi atembezwe kwenye maji ya chumvi ya hori, pale bahari inapoingia nchi kavu. Alasiri atembezwe tena. Baada ya hapo apakwe shubiri. Mmoja aongoze kichwa, mmoja atembee ubavuni, mmoja aangalie mguu. Akikosekana mmoja, hatembei. Wakawa wanasema: "Mgeuze." "Mwache apumzike." "Leo amekanyaga vizuri." Na kwa kuwa hakuna aliyeweza kumwacha peke yake uani, Mwanate akaleta sinia moja huko huko, wakala watatu. Hawakutazamana sana. Walimtazama farasi. Tima bado hakusema, ila alikuwa na desturi ya kuegemeza paji la uso wake kwenye shingo ya mnyama, akakaa hivyo hata nusu ya mchana.

Siku ya ishirini jua lilikuwa kali sana. Homa ya mguu ikamrudia farasi. Adhuhuri akapiga magoti, akalala ubavu, macho yakawa na utando. Na farasi akilala namna hiyo asiinuke, hudumu muda mfupi tu.

Wakambembeleza, hakuinuka. Wakamvuta, hakuinuka. Wakammwagia maji, hakuinuka.

Mwanate akasimama, akajifunga leso yake. "Mimi naingia ndani," akasema. "Siwezi kutazama kingine kikifa."

Shekuwe naye akachukua sururu. "Huyu ni wa kufa. Ni heri nikaanze kuchimba shimo."

Hapo ndipo Tima aliposema. Sauti yake ilikuwa imekauka kama ya mtu mzima aliyeugua.

"Mimi nilimwachia mkono."

Baba yake akasimama na sururu begani. Mama yake akasimama mlangoni.

"Niliona zambarau zimedondoka njiani," akasema Tima. "Nikamwachia mkono niziokote. Akasema, 'Baba yule,' akakimbia. Niliokota zambarau sita. Nilipoinuka hakuwapo."

Hakulia. Alikuwa amekishika kichwa cha farasi mapajani, akiyatazama masikio yake.

Shekuwe akaitua sururu chini. Akaja akakaa mavumbini.

"Tima, mwanangu, nisikilize. Ukingo ule nilijua umelegea. Siku mbili kabla yake, jiwe lilidondoka miguuni pangu. Nikasema, nitauchonga kesho. Kesho ikafika, nikasema kesho tena. Hili sijamwambia mtu."

Mwanate alikuwa bado mlangoni, ameshika mwimo.

"Na siku ile baba yenu alisema atakuja kula nyumbani," akasema. "Hapakuwa na haja ya kuwatuma. Lali alikuwa akilia tangu asubuhi, anataka hiki, anataka kile. Nikawaambia nendeni, ili nipate kimya kidogo." Akauachia mwimo. "Nikakipata."

Akaja, akakaa upande wa pili wa Tima, akaushika mkono wa mtoto, ule wa kulia, ule ule. Akasema, "Ulikuwa na miaka kumi. Mkono huu ulikuwa mdogo kuliko kazi niliyoupa."

Hapo Tima akalia. Alilia mpaka farasi akageuza sikio.

Farasi akasema kwa sauti ndogo, "Mimi mwanangu alikufa siku ya pili tangu kuzaliwa. Nikasimama naye. Mtunza farasi wa mfalme akanivuta, nikakataa. Wakanifunga kamba mguuni, wakanipiga, wakanifukuza. Sikuwa natafuta ni kosa la nani. Nilitaka tu kusimama naye. Nyinyi wenu amesimamiwa na nani?"

Tangu siku ya maziko hakuna aliyekwenda kaburini. Kila mmoja alikuwa akipita njia ya kuzunguka, akidhani ni siri yake peke yake.

Farasi akasema, "Basi niinueni."

Wakapitisha gunia chini ya kifua chake. Shekuwe akashika ncha hii, Mwanate ile, Tima akashika kichwa. Wakasukuma, farasi akainuka magoti, akaanguka. Wakasukuma mara ya pili, akainua kifua, akaanguka, nusura amlalie Shekuwe. Mwanate akasema, "Tusubiri ashushe pumzi." Wakasubiri, nao wakashusha zao. Mara ya tatu wakasukuma kwa mabega, kwa magoti, kwa vichwa, na farasi akasimama. Alitetemeka miguu yote minne, lakini alisimama, nao wakamwegemea huku na huku hadi jua likapoa.

Kesho yake asubuhi wakaenda makaburini, watatu, na farasi akiwafuata kwa kuchechemea. Wakasimama penye Lali. Mwanate alilia, na safari hii hakuwa akilia kwa kusikilizwa na wageni wa msibani. Shekuwe akamshika. Hawakuambiana umesamehewa. Waliambiana mambo madogo: kwamba alikuwa akiita tanuu "nanuu", kwamba alikataa kulala bila kuvutwa sikio. Kwenye hilo la sikio Tima alicheka, akashtuka kwa kucheka kwake, akawatazama wazazi wake. Nao walikuwa wanacheka huku machozi yanatiririka.

Farasi wakati huo alikuwa akila majani. Tangu siku ile hakusema tena neno. Akawa farasi kama farasi wengine, ila mchechemevu.

Habari zikatembea. Mtu akaleta punda aliyechunika mgongo. Mtu akaleta ngamia mwenye jicho moja, aliyekuwa akiuma kila amkaribiaye. Wakawa wanasema, "Mpelekeni kwa Shekuwe." Kisha wakaanza kuja watu wenyewe. Akaja mjane na wanawe wanne wasiosikilizana. Akaja baba aliyetoka vitani, watoto wake wakijificha kila anapoinua mkono hata kwa kujikuna. Tima, aliyekuwa sasa mwanamwali, hakuwapa mawaidha. Alimpa baba ndoo, akampa mtoto kitambaa, akawaonyesha punda. "Osheni mgongo huo," alisema, "na mkishindana atawapiga mateke nyote." Wakaosha. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili neno moja. Siku ya tatu mtoto akamwambia yule baba, "Hapo pole pole, panamuuma," na baba akasema, "Haya, mwanangu, nionyeshe wewe."

Hadithi yangu imefika ukingoni mwa mkeka, na mafunzo yake ni haya. Msiba ukiingia nyumbani, msigawane lawama halafu kila mtu akaenda kona yake na fungu lake. Semeni, hata kama la kusema ni moja na ni chungu. Na mkishindwa kutazamana, tafuteni kiumbe aliyeumia kuliko nyinyi, mumtibu pamoja. Mnyama hatakuuliza kosa ni la nani. Atataka mikono yako itulie, na mikono ikitulia, moyo nao utaifuata.

Mimi mwenyewe nilifika Machimboni. Niliambiwa nimshike yule ngamia, nikajifanya nasikia adhana ya kijiji cha jirani, nikaondoka.

— Imekwisha?

— Kwangu imekwisha. Iliyobaki ni yenu.

— Tumeipokea.

— Basi ilazeni vizuri, nami nileteeni maji, koo limekauka.