Mtaa Usiofuka Moshi

Paukwa!

Pakawa!

Aa, wa nyuma mnajibu kama mliolazimishwa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na mtaa wao, ukiitwa Kichuguuni. Haukuwa mtaa wa kusifiwa, nisiwadanganye. Njia ilijaa tope, mapaa yalivuja, na Bata akianza kusema hakuna aliyelala.

Lakini walikuwa na desturi yao. Kila alfajiri Kanga, yule ndege mwenye madoa, aliamka wa kwanza akapuliza moto. Jirani zake wakaja na vigae vya vyungu kuomba kaa la moto. Walikuja wakiimba. Imbeni nami:

*Kanga, Kanga, nipe kaa,*
*Jiko langu limelala!*

Naye Kanga akawajibu:

*Leta kigae upewe,*
*Moto wangu unawaka!*

Hakuna aliyechukua kaa akaondoka hivi hivi. Nani anaumwa, nani kajifungua, nani hana unga, yote yalijulikana jikoni kwa Kanga.

Siku moja akaja Tausi. Akatembea huku na huku, mkia kaunyanyua usiguse tope. Akasema, "Masikini, mtaa huu umekufa. Nitaufufua mimi. Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Wenyeji wakapiga makofi. Nani hataki kupona?

Kwanza, Tausi akapanda maua. Maua yakafika kwenye shimo la Nungunungu. "Miiba yako itatisha wageni, ndugu yangu," Tausi akasema. Nungunungu akaenda kwa Kanga. "Dada, sema neno." Kanga akatazama maua, yalikuwa mazuri kweli. Akanyamaza. Nungunungu akahama.

Pili, Tausi akamwaga mchanga mweupe njiani. "Mzee Kobe, gamba lako linachimbua mchanga wangu." Kobe akaenda kwa Kanga. "Mwanangu, sema neno." Kanga akatazama miguu yake, haikuwa na tope. Akanyamaza. Kobe akahama, na mnajua Kobe anavyohama. Siku nyingi Kanga alimwona yuko njiani anakwenda, na bado akanyamaza.

Tatu, Tausi akafukia dimbwi. Bata akaenda kwa Kanga. "Shoga, sema neno."

"Niseme nini, shoga yangu? Mtaa si umependeza?"

Bata, yule mpiga domo, hakujibu kitu. Akahama.

Katika nyumba zao wakaingia Korongo na Heroe, ndege wa kuja msimu na kuondoka msimu. Milango ikapakwa rangi, kisha ikafungwa.

Kanga akaendelea kuamka alfajiri. Akapuliza moto, akangoja. Wimbo haukuja. Aliyekuja ni Tausi: "Jirani, huo moshi upunguze, unachafua kuta." Kanga akapunguza kuni.

Ikanyesha mvua kubwa. Moto ule mdogo ukazimika, vifaranga wake wakatetemeka kwa baridi. Kanga akachukua kigae, akaimba yeye sasa, kwa mara ya kwanza maishani mwake:

*Jirani, nipe kaa,*
*Jiko langu limelala!*

Hodi kwa Korongo. Kimya. Hodi kwa Heroe. Kimya. Hodi kwa Tausi. Tausi akafungua dirisha. "Moto? Moto una masizi. Mimi siuweki."

Ndipo Kanga akaona moshi mbali, ng'ambo ya kinamasi. Akaufuata mbio. "Shoga yangu huyo!" Bata akapiga kelele. Nungunungu na Kobe nao walikuwa pale; wote watatu wakamkumbatia, wala hakuna aliyemuuliza kwa nini alinyamaza. Hapo Kanga akalia sana.

Wakampa kaa. Akalibeba, likazimikia njiani. Akarudi, wakampa tena, likazimikia njiani. Mara ya tatu alilifunika kwa bawa lake hadi manyoya yakaungua, nalo likazimika. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na moto wa mbali haupiki uji.

Kanga akawakusanya vifaranga wake, wahame. Tausi akamwona. "Unaondoka leo, mtaa ukiwa umefufuka?"

"Aliyefufuka ni nani, bwana? Nitajie jina lake."

Tausi akatazama maua, akatazama mchanga, akatazama milango. Jina hakulipata.

Ng'ambo ya kinamasi, watoto wa Kanga walipona, na wimbo wa alfajiri ukarudi. Lakini kila jioni Kanga alisimama akitazama Kichuguuni kunavyong'aa.

"Mama, unatazama nini?" kifaranga akauliza.

"Natafuta moshi wetu."

"Si huu hapa?"

"Huu nauona, mwanangu. Naukosa ule."

Tangu siku hiyo kanga hatembei peke yake. Watazameni maporini, ni kundi zima. Mmoja akibaki nyuma, wote wanapiga kelele mpaka afike. Kanga hanyamazi tena.

Basi wanangu, mtaa ni watu wake. Ukiambiwa mtaa umefufuka, usitazame rangi za milango, tazama kama bado kuna wa kumwomba kaa. Na jirani akikuambia sema neno, liseme angali mlangoni.

Hadithi yangu ndiyo hiyo. Ikiwa ina joto, leteni vigae tugawane. Ikiwa ni majivu, niachieni mwenyewe.