Bakuli la Bi Mashavu

Palikuwa na Liwali mmoja, jina lake Muhenna, ambaye akifunga yeye Ramadhani, mji mzima ndio unaoumia. Njaa ikimpanda, amri zinashuka. Mwaka huo, mwezi ulipoandama tu, mbiu ikapigwa: tangu alfajiri mpaka magharibi, atakayekutwa na chakula, mkononi au mdomoni, atapakwa masizi usoni, apandishwe punda kinyumenyume, azungushwe mitaa yote.

Watu wakauliza, na anayepika futari je?

"Apike jua likizama!"

Haya, ndugu zangu, mji ukawa unafuturu maji na kusubiri muhogo mpaka isha imepita. Matumbo yananguruma kuliko mwadhini.

Katika mji huo alikuwapo mjane, Bi Mashavu. Mali yake ni ulimi, binti yake Zuwena, na sinia moja la shaba alilorithi kwa mama yake. Zuwena alikuwa ameposwa, na wakwe wangekuja siku ya Idi kufunga maneno. Wakwe wenyewe sasa! Watu wa kuchungulia. Wakiingia nyumba ya mtu, wanatazama mvunguni kwanza ndipo wanatoa salamu.

Kwa hiyo Bi Mashavu akasafisha. Masufuria kayasugua kwa majivu na makumbi ya nazi mpaka yakajitazama yenyewe. Kabatini katia karafuu, mende wakahama kwa jirani. Likabaki sinia. Akakaa nje kibarazani, akakamulia ndimu ndani ya bakuli, akatia chumvi, akamiminia siki, akaanza kusugua.

Feruzi, askari wa Liwali, akapita. Akaona bakuli. Akaona ndimu. Mate yakamjaa.

"Bi Mashavu! Mchana kweupe!"

"Nasafisha sinia, mwanangu."

"Utayasema mbele ya Liwali."

Akamchukua, yeye na bakuli lake. Zuwena nyuma analia, maana wakwe wakisikia mama mtu kazungushwa juu ya punda, watageukia njiani na posa yao. Bi Mashavu alilijua hilo kuliko mtoto. Lakini ulimi wake ulikuwa mzima.

Baraza limejaa. Liwali kakaa, midomo mikavu, macho mekundu.

"Ndani ya bakuli mna nini?"

"Dawa ya sinia, Bwana Liwali."

"Usinichezee, mwanamke. Mna nini?"

"Ndimu, chumvi na siki."

"Bado kitunguu tu iwe kachumbari!"

"Kitunguu sikutia, Bwana. Sinia langu halikipendi."

Watu wakainamisha vichwa, mabega yanatikisika.

"Watu husafisha kwa sabuni!"

"Sabuni iko dukani, Bwana, ndimu iko uani kwangu. Na mkoba wangu mwepesi, haufiki dukani."

"Nasikia harufu ya chakula hapa!"

"Kabati langu nimelitia karafuu, Bwana. Linanukia pilau kutwa kucha. Hajatokea mtu akalila."

"Ina chumvi!"

"Bahari nayo ina chumvi. Mbona wanaooga pwani hujawakamata?"

Liwali akasimama. "Feruzi! Lete punda! Lete masizi!"

Punda akaletwa. Masizi yakaletwa. Zuwena akajifunika uso kwa kanga. Bi Mashavu akapiga goti.

"Bwana Liwali, mimi nani hata nikatae? Umesema ni chakula. Lakini hukumu si lazima iwe na shahidi? Nani kashuhudia kwamba hiki ni chakula?"

"Feruzi kakiona!"

"Kukiona hata mimi nimekiona, nimeona sabuni. Chakula hakijulikani kwa macho, Bwana. Lazima aliyekionja aje aseme: nimeonja, ni chakula."

"Onja wewe!"

"Astaghfirullahi! Nimefunga."

"Feruzi, onja!"

Feruzi akarudi nyuma hatua kama kaona nyoka. "Nimefunga, Bwana Liwali."

"Nyinyi huko nyuma!"

"Tumefunga!" Baraza zima kwa sauti moja.

Bi Mashavu akasimama, akajipangusa magoti. "Basi shahidi hakuna, Bwana wangu. Nipe bakuli langu niende, sinia linakauka."

Mtu mmoja akashindwa kujizuia, akacheka. Cheko likaenea barazani. Liwali akavimba, mishipa ya shingo ikamtoka. Yeye achekwe? Kwa ajili ya bakuli la mjane? Akalinyakua bakuli, akachovya vidole vitatu mpaka kwenye fundo, akavitia mdomoni, akavinyonya, akameza.

"Ndimu hii!" akanguruma. "Chumvi hii! Siki hii! Nani atanidanganya mimi? Chakula hiki! Tena kimekolea!"

Punda akasikika akipepea masikio. Liwali akatazama vidole vyake, vimelowa. Akatazama jua, liko utosini. Akamtazama Feruzi, Feruzi anatazama bakuli la masizi.

Bi Mashavu akasogea taratibu, kwa adabu zote, akainamisha kichwa.

"Bwana Liwali, sisi raia wako ni watu wa kuuliza tu. Hicho ulichokimeza ni nini? Kama ni chakula, Feruzi alete punda wa pili: wa mbele apande mkubwa wetu, wa nyuma nipande mimi. Kama ni sabuni, naomba bakuli langu, nikamalizie sinia."